La blanketi au la kusimama? Tamasha la muziki Nairobi, mkienda kama marafiki

Grupu letu la WhatsApp lina watu saba, na kila Oktoba ikifika tunaanza. Mmoja anatupia bango la tamasha, mwingine anatupia bango la pili la wikendi hiyo hiyo, halafu tunabishana siku nne kuhusu wasanii. Nani yuko juu, nani amechuja, nani huimba kwa koo lake na nani huachia wimbo ucheze huku yeye akirukaruka na kipaza sauti. Siku ya tano tunagundua tiketi za bei ya mapema zimeisha.

Nimehudhuria matamasha ya kutosha sasa kujua kuwa ubishi huo hutupotezea muda. Msanii mkuu hupanda jukwaani kwa saa moja, akizidi sana moja na nusu. Ninyi mtakuwa pale saa saba, nane. Saa zote hizo zilizobaki mtakaa wapi, mtasikia nini, na yule wenu anayeishi mbali kuliko wote atafikaje kwake? Hayo ndiyo nitakayolinganisha hapa. Majina ya wasanii bishaneni wenyewe.

Nairobi ina aina mbili kubwa za siku hizi za muziki wa nje. Ya kwanza naiita ya blanketi. Blankets and Wine, iliyoanzishwa 2008 na mwanamuziki Muthoni Drummer Queen, ndiyo iliyotuzoesha: mnatandika kwenye nyasi, mnajinyoosha, na bendi zinapiga tangu mchana. Miaka ya mwanzo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakija na vikapu kana kwamba wanakwenda kupumzika bustani ya Arboretum. Baadaye ikawa mara chache kwa mwaka, umati ukakua, na miaka ya karibuni imekuwa ikifanyika Laureate Gardens, ndani ya eneo la uwanja wa Kasarani. Tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza 2014 na kuchangia vijana wa Ghetto Classics, mradi wa kufundisha muziki kule Korogocho, nalo lilikuwa na utulivu wa namna hiyo.

Ya pili ni ya kusimama. Jukwaa moja kubwa, uzio mbele, nyota anayesubiriwa usiku, na watu waliobanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Hizi hupenda viwanja vipana: Uhuru Gardens, Carnivore, Ngong Racecourse. Bendi ya Sauti Sol walipotuaga Novemba 2023 baada ya miaka karibu ishirini pamoja, hakuna aliyetaka kukaa chini. Ukienda kuimba kila mstari na maelfu ya watu usiowajua, blanketi ni mzigo tu.

Mpaka kati ya hizo mbili hauko wima kama ukuta. Hata kwenye blanketi, jua likizama watu husimama. Ila siku yenyewe inaanza tofauti, na mwili unajua.

Mwili kwanza

Mwaka juzi tulikwenda tamasha la kusimama, na dada yetu wa Donholm alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakuna aliyefikiria jambo hilo, hata yeye mwenyewe. Kufika saa kumi na moja jioni alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda aliyoazimwa na mama muuza maji, nasi tukipokezana zamu ya kumlinda asisukumwe. Watu wanne kati ya saba hawakumwona msanii hata kwa mbali. Mwaka uliofuata tulikwenda la blanketi, na mtoto tukaja naye, akalala chini ya mwavuli saa mbili nzima huku ngoma zikilia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa grupu lenu ni hili: nani kati yenu huchoka mapema zaidi? Kama kuna mwenye goti bovu, mjamzito, mwenye mtoto, au yule anayekuja na mama mkwe (hutokea, nimeshuhudia), basi la kusimama limeshajiondoa lenyewe. Kama wote ni vijana wenye raba nzuri na wasiokwenda haja kila nusu saa, endeleeni kusoma.

Haja ndiyo neno ambalo halimo kwenye bango. Kwenye la blanketi, foleni ya choo ni dakika chache mchana na ndefu jioni, lakini ukirudi unakuta nafasi yako, kwa sababu kuna mtu amekalia blanketi. Kwenye la kusimama, ukitoka mbele umetoka. Kurudi ni kusukumana na kuomba radhi kwa watu mia, na wa hamsini atakuwa na hasira. Watu hukataa kunywa maji mchana kutwa ili wasipoteze nafasi, kisha wanazimia usiku na kusema ni joto.

Sauti: hapa wengi hukosea

Rafiki yetu wa Rongai huamini kuwa kadiri unavyosogea mbele ndivyo muziki unavyokuwa mtamu. Nimejaribu kumweleza bila mafanikio, kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Sauti nzito, ile ya besi, husambaa kila upande. Sauti nyembamba, yaani maneno ya mwimbaji, filimbi, nyuzi za juu za gitaa, huenda kule spika ilikoelekezwa. Ndiyo maana ukisimama pembeni kabisa mwa jukwaa unasikia kifua kikitikisika lakini hujui anaimba nini. Ukisimama mbele kabisa, katikati, mara nyingi spika kubwa zinakupita juu au pembeni na unachosikia ni besi za chini na kelele za jirani. Mahali pazuri ni karibu na hema la fundi wa sauti, lile lililo katikati ya uwanja likitazama jukwaa. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale. Simama hatua kumi mbele yake na utasikia alichokusudia.

Nyuma sana nako kuna kichekesho chake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 170 kutoka jukwaani, mdomo wa mwimbaji kwenye skrini hutangulia wimbo kwa nusu sekunde. Mara ya kwanza nilidhani anaigiza.

Tukilinganisha: kwenye la blanketi unaweza kuchagua umbali na kuubadilisha, kwa kuwa kuna nafasi. Bendi huwa na ala halisi, na ukikaa vizuri unasikia gitaa na saksafoni zikijibizana. Kwenye la kusimama, umati ndio unaokuchagulia. Unachopata badala yake ni nguvu ya watu wengi kwa pamoja, na sitakudanganya kwamba blanketi linaweza kuileta hiyo.

Ila masikio yahurumieni. Shirika la Afya Duniani lilipotoa kiwango chake cha kumbi na matamasha mwaka 2022, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100. Kwa kipimo kinachopendekezwa Marekani kwa wafanyakazi, desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda hukatwa nusu. Piga hesabu uone: kwenye 100 umebakiwa na robo saa. Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya dawa kwa bei isiyofika ya soda mbili za pale uwanjani. Yule wa Rongai hucheka anaponiona navyo. Jumatatu asubuhi hasikii simu yake ikilia.

Pesa

Tiketi ya mapema na tiketi ya getini ni vitu viwili tofauti kabisa, na hili ni sawa kwa aina zote mbili. Mara ya mwisho nililipa 2,500 mwezi mmoja kabla; mwenzangu aliyesubiri "kuona hali ya hewa" alilipa 4,000 getini, na hali ya hewa ilikuwa ile ile kwetu sote.

Suala la VIP hapa lina majibu mawili. Kwenye la blanketi, sioni kwa nini ulipe zaidi. Unanunua viti, na ulikuja kukaa chini. Kwenye la kusimama, VIP inaweza kuwa na maana, hasa kwa vyoo vyake na nafasi ya kupumua, lakini tazama kwanza ramani ya uwanja. Nimelipia VIP mara moja nikajikuta kwenye jukwaa la pembeni, palepale nilipowaambia besi hula maneno.

Chakula na vinywaji ndivyo vinavyomaliza watu. Matamasha mengi siku hizi hayaruhusu kuingia na chakula wala chupa, kwa hiyo someni masharti ya tiketi kabla ya kupika chapati ishirini. Zikikataliwa getini mtazila hapo hapo mkiwa mmesimama kwenye foleni, kama tulivyofanya. Na vitu msivitie kwenye mifuko ya plastiki ile ya zamani. Imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017 na askari wa getini wanapenda sana kukumbusha. Ndani, nyama choma na chips utavikuta kote. Nje ya geti, yule wa smokie na kachumbari ndiye rafiki wa kweli, mle kabla ya kuingia.

Jambo la malipo: maelfu ya simu zikiwa uwanja mmoja, mtandao huelemewa. M-Pesa inazunguka, mhudumu anasubiri ujumbe, wewe unasubiri ujumbe, foleni inakulaani. Kwenye la blanketi unaweza kununua saa nane mchana kabla umati haujafika. Kwenye la kusimama wote hununua kiu ikiwa imebana, kati ya msanii mmoja na mwingine. Bebeni noti kidogo, na tiketi ipigeni picha ya skrini mkiwa bado nyumbani. Tena msinunue picha ya tiketi kwa mtu msiyemjua mtandaoni. Ile alama ya mraba husomwa mara moja, na wa pili kufika hubaki nje hata kama ndiye aliyelipa.

Jua, baridi na matope

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hatua chache tu kusini mwa ikweta. Jua la saa saba huchoma hata mtu asipotoka jasho, na wengi hugundua wakifika nyumbani wakiona shingo. Halafu saa kumi na mbili unusu linazama, mwaka mzima ni karibu saa hiyo hiyo, na uwanja wazi hupoa kwa ghafla. Julai na Agosti usiombe. Kwa hiyo la blanketi linakudai kofia na koti. La kusimama, linaloanza kuchangamka jioni, linakudai koti peke yake, na joto la jirani linasaidia.

Mvua ndiyo inayotenganisha. Msimu wa matamasha, Oktoba hadi Desemba, ndio msimu wa mvua za vuli. Blanketi likilowa siku imekwisha, msijidanganye. Umati uliosimama hulowa, hupiga mayowe, huendelea kucheza. Ila ule udongo mweusi wa tambarare za kusini mwa jiji ukilowa hushika kiatu kama deni. Kila hatua unaongeza kilo. Nimemwona kijana akitoka uwanjani na soksi, viatu amevikabidhi ardhi. Gambuti si jambo la aibu. Raba nyeupe ndiyo aibu.

Kurudi nyumbani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningelianza nalo kama ningejua mtasoma hadi mwisho.

Kuingia tamashani kila mtu huingia kwa saa yake, matatu zipo, njia ina mwanga. Kutoka, wote hutoka kwa dakika zile zile. Maelfu wanafungua programu ya teksi kwa pamoja, bei inapanda mara mbili, mara tatu, na dereva aliyekubali anakupigia akiuliza unaenda wapi, kisha anakata. Hapa ndipo siku nzuri huharibikia.

La blanketi huwa mara nyingi Jumapili na huanza mapema, kwa hiyo mnaweza kutoka saa moja au mbili usiku bila kuhisi mmeibiwa. Mmeshasikia bendi nne. La kusimama linakufunga: ukitoka kabla ya msanii mkuu, umelipia nini? Na ratiba ya usiku ni ahadi ya fundi cherehani. Kuna tamasha tulilokwenda, bango likisema msanii ni saa tatu usiku. Alipanda saa saba na dakika kumi. Wa Rongai alikosa gari la mwisho la bei ya kawaida, akalala kwenye sofa yangu akiwa na matope hadi magotini, na sofa hiyo bado ina ramani.

Fungueni ramani ya makazi yenu. Kasarani iko kwenye barabara kuu ya Thika: kama wengi wenu mko Roysambu, Zimmerman, Githurai au Kahawa, mko karibu kwa miguu au kwa matatu moja, na magari ya njia ile huwa hayakauki mapema. (Naishi Roysambu, kwa hiyo hapa nipunguzieni imani kidogo.) Watu wa Donholm na Umoja nao hudhani Kasarani ni mbali, lakini Outer Ring inawaleta hadi Thika Road bila kugusa mjini. Uhuru Gardens na Carnivore ziko Lang'ata Road, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Hapo wa Rongai, Nairobi West, South C na Lang'ata wanacheka, sisi wa Thika Road tunalia. Racecourse ni ya Ngong Road, ya watu wa matatu namba 111 za Ngong, wa Dagoretti na Kawangware.

Mkiwa mmetawanyika kama sisi, msitafute uwanja ulio katikati, kwa sababu haupo. Angalieni nani ana safari ngumu kuliko wote usiku, mchague uwanja ulio upande wake, au mkubaliane mapema atalala kwa nani. Msipofanya hivyo saa tano asubuhi, mtafanya saa saba usiku mkiwa na chaji asilimia nne.

Mambo mawili yametusaidia. Tunatoka nyimbo mbili kabla ya mwisho, pamoja, na tunatembea kama robo saa kwenye barabara yenye taa na watu kabla ya kuita gari. Bei hushuka unapokuwa mbali na geti. Na mwenye gari lake haonji pombe. Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi, iliingia barabarani 2013, na hata isingekuwepo, tuko sita nyuma yake.

Na kama hamna pesa kabisa?

Kuna siku ya tatu ambayo hairushwi sana kwenye magrupu. Kila Juni, Fête de la Musique, sherehe iliyoanzia Ufaransa mwaka 1982, hufika Alliance Française, kona ya Loita na Monrovia, mjini kabisa. Kwa kawaida hakuna kiingilio. Wasanii wengi ni chipukizi, wengine watakuchosha, na mmoja atakufanya umtafute mtandaoni usiku huo. Mkichoka, steji ya kila mtaa iko dakika chache kwa miguu. Kwa grupu jipya ambalo bado halijajua nani huchelewa, nani hulewa, na nani "ameacha pochi kwa gari", hiyo ndiyo siku ya kujaribiana kabla ya kuchanga elfu nne nne.

Ningechagua lipi?

Mkiwa zaidi ya watano, umri umechanganyika, na mnataka kuongea: la blanketi, mfike saa saba, mkae mbele kidogo ya hema la fundi, mtoke saa mbili usiku. Urafiki unahitaji mahali pa kukaa. Kwenye la kusimama mtaongea kwa ishara za mikono na kesho yake mtaulizana nini kilitokea.

Mkiwa wawili au watatu, na kuna msanii mmoja ambaye mngelia kumkosa: la kusimama, bila kusita. Nendeni mmekula, na raba kuukuu, na mahali pa kukutana mlipokubaliana kabla mtandao haujafa, tena pawe kitu kisichohama. Siku moja tulikubaliana "kwa yule jamaa wa popcorn". Jamaa alimaliza popcorn saa kumi na mbili akaenda zake.

Desemba hii sisi saba tumepiga kura: watano blanketi, wawili kusimama. Mweka hazina ni dada wa Donholm, maana ndiye pekee asiyeogopa kuwakumbusha watu deni. Sita tumetuma. Wa Rongai amesema atatuma kesho, na hii ni kesho ya tatu.